Mafundi wa mabomba ya boti Dar, mnatuzamisha huku tunawalipa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mtanisamehe.

Nina boti ya faiba, futi 28, injini ya ndani, inapeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo kutokea Kunduchi. Novemba mwaka jana koki ya chini ya boti, ya kuvutia maji ya chumvi ya choo, ilikuwa haifungi. Nikaletewa fundi, anajitapa ana miaka 15 baharini. Kazi saa mbili, laki mbili na nusu, tukaagana kwa vicheko.

Juni hii tumetia nanga Mbudya, wageni wako ufukweni wanasubiri samaki wao, baharia ananipigia kelele mbao za sakafu zinaelea. Nafunua: mpira umechomoka kwenye koki, maji yanaruka kama bomba la DAWASA limepasuliwa na greda. Nashika mkono wa koki nifunge, unabaki mkononi mwangu pamoja na shingo yake! Tundu lenye upana wa sentimita 3, nusu mita chini ya maji, linaingiza kama ndoo 4 za lita 20 kila dakika. Pampu yangu boksi lake linasema galoni 1,100 kwa saa, yaani kama lita 70 kwa dakika, na hesabu hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Baharia akakata mpini wa brashi ya deki, akauvisha fulana yake, akaushindilia. Fulana ya Simba ndiyo iliyookoa boti yangu (mimi ni Yanga, na bado hajaacha kunikumbusha).

Nikaikagua ile koki. Geti valvu ya nyumbani! Ya brasi, ile ile unayowekewa kwenye tenki la juu. Chukua tupa ukwaruze brasi iliyokaa kwenye maji ya chumvi: badala ya manjano utaona rangi ya waridi, maana zinki yote imeshaliwa na iliyobaki inavunjika kama biskuti. Chini ya maji inatakiwa bronzi, au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Klipu ya kubana mpira aliweka moja tu, na skrubu yake ni ya chuma cha kawaida, imeshakuwa unga. Kipande kingine kaunga kwa PVC ya gundi, kigumu, kwenye chombo kinachotetemeka kutwa nzima. Najua kuna watakaosema bei rahisi nilijitakia. Sawa, nakubali. Lakini mtu akikwambia hajui, utatafuta mwingine. Huyu alisema anajua.

Fundi wa pili ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu.

Huyu aliongea vizuri sana. Bronzi anaijua, klipu mbili mbili anazijua. Nikampa laki tatu na nusu akanunue vifaa. Sasa wasiokaa pwani waelewe: boti ya aina hii huwezi kuitoa koki ya chini ikiwa inaelea. Unasubiri bamvua, zile siku maji yanajaa na kutoka kupita kawaida. Kwetu maji yanajaa saa kumi alfajiri, unaisogeza juu kabisa ya mchanga, unatia gadi (miti ya kuiegemeza) ubavuni, maji yanatoka, saa nne asubuhi imekauka kabisa. Mchana maji yanarudi. Kazi yote iingie humo katikati.

Tumeamka saa tisa usiku, vijana wanne nimewalipa, gadi zimekaa. Saa mbili asubuhi nampigia: "Bosi niko njiani, nimefika Mwenge." Saa nne: Mwenge. Saa sita: "Bosi, foleni." Jumapili! Foleni ya nani? Saa nane maji yameshagusa mkuku, uti wa chini wa boti, nimekaa juu ya boti yangu nayaangalia yanavyopanda.

Jioni akaniambia, "Usijali, nakuja kesho kutwa." Ndugu yangu, baada ya siku chache yanaingia maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, boti haikauki hata ufanye dua. Fundi wa nyumba akisema kesho, umepoteza siku. Wa boti akisema kesho, umepoteza wiki mbili, na wageni wa Julai wanapanda boti ya jirani.

Bamvua la pili alikuja. Saa tano, mikono mitupu, eti koki imekwama bandarini. Toka siku hiyo WhatsApp tiki mbili za bluu, simu haipatikani.

Wa tatu ni kampuni, ovaroli zinang'aa, gari lina nembo. Laki moja na nusu ya kuangalia tu, wakapiga picha, wakaleta ankara ya dola kubadilisha mfumo mzima mpaka sinki. Nikawarudisha walikotoka.

Mpaka leo boti iko majini na mpini wa brashi tumboni. Baharia analala humo na ndoo, tunafua maji asubuhi na jioni, na wageni sipakii.

Koki ya bronzi nimeshanunua mwenyewe, klipu za stenlesi nane, mpira mpya. Kinachokosekana ni mtu. Mwenye fundi aliyewahi kubadilisha koki ya chini na boti haijazama aje inboksi, bamvua lijalo ni Alhamisi. Sharti langu moja: Jumatano usiku alale hapa Kunduchi, pembeni ya boti. Mkeka upo, neti ipo, ugali na samaki juu yangu. Anayetokea Mwenge asijisumbue.