Mrejesho: unga wa glutamini kwa mama

Habari ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kama nimpe mama, anayetibiwa saratani ya matiti hapa Kisumu, unga wa glutamini (kijenzi kimoja cha protini) wa kuongeza kinga. Asanteni sana kwa majibu.

Nilimpelekea daktari wake kopo lenyewe. Alinieleza kwamba chembe nyeupe za damu hutumia glutamini kama nishati zinapozaliana, na seli T, aina mojawapo ya chembe hizo, huhitaji pia arjinini, kijenzi kingine cha protini. Lakini seli nyingi za saratani nazo huila glutamini kwa pupa! Hilo lilinishtua, kwenye kopo halikuandikwa.

Tumeliweka kando. Mama anakula mayai, maharagwe na njugu, kidogo kidogo maana kemo (dawa za kuua seli za saratani) inamkata hamu. Jana alimaliza ugali kwa omena, nikafurahi mno. Jumanne tunamwona mtaalamu wa lishe.