Kipimo cha disleksia kwa kijana anayefaulu: shule, mwalimu mtaalamu au mwanasaikolojia?

MamaZuu: Habari wadau. Binti yangu ana miaka 15, darasani hatoki kwenye watano bora. Lakini sura moja ya kitabu inammalizia jioni nzima, na kwenye insha neno lilelile analiandika kwa namna mbili ukurasa mmoja. Shule inaniuliza, "Mbona anafaulu?" Nashuku ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno usiotokana na akili ndogo. Nianzie wapi kumpima?

KalamuButu: Dada, mchujo wa shuleni ni wa haraka, ila hautoi jibu, unasema tu kama kuna haja ya kupima zaidi. Na watoto kama huyo huupita, maana wanabahatisha neno kwa kuangalia sentensi inakoelekea.

MwalimuB: Ndiyo maana mwalimu aliyesomea matatizo ya kusoma humpa maneno ya kubuni, mfano "ngurepida" au "tambolise". Hapo hakuna pa kubahatishia. Atampima pia tahajia, kasi ya kusoma na kutaja herufi upesi. Angalizo: kwa lugha inayosomeka kama ilivyoandikwa, kama Kiswahili, usisubiri makosa mengi. Dalili kubwa ni mwendo. Anasoma sahihi, ila polepole mno. Faida nyingine, mwalimu huyu anajua cha kumfundisha baada ya kipimo.

BabaNeema: Mimi ningekwenda moja kwa moja kwa mwanasaikolojia wa elimu. Kwa umri huo wengi hutumia WISC-V, kipimo cha akili cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Dai alama za kila eneo, usipokee jumla peke yake. Wangu alikuwa juu sana kwenye hoja za maneno, kasi ya kuchakata ikawa chini. Ukichanganya unapata "yuko vizuri tu", na tatizo limefunikwa. Ubaya wake ni gharama na foleni.

MwalimuB: Sawa mkuu, ila pengo kati ya akili na usomaji si sharti tena la kutambua disleksia, DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, hailidai. Kipimo cha akili bila vipimo vya kusoma na kuandika kwa muda maalumu hakitoshi.

MsomajiUsiku: Hao wa "mbona anafaulu" waambieni habari ya Percy. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan alimwandika kwenye British Medical Journal: kijana wa miaka 14, hesabu anaziweza, jina lake mwenyewe anaandika "Precy". Mwalimu wake aliamini angeongoza shule nzima kama masomo yangekuwa ya mdomo.

KalamuButu: Kabla ya kulipa, mpeleke apimwe macho na masikio. Halafu waulize wanaosimamia mitihani yake wanapokea ripoti ya nani kwa ajili ya muda wa ziada, na isiwe ya zamani kiasi gani. Ukikosea hapo utalipa mara mbili.

MamaZuu: Asanteni sana. Basi macho kwanza, na barua ya mitihani naiandika leo. Mwenyewe anaogopa ataonekana mjinga.

BabaNeema: Wangu naye aliogopa hivyo. Mwache asome ripoti pamoja nawe, alama zake za juu ataziona humo humo.