Mwanza hadi Dar na mama mzee: ndege au basi?

Binti_Nyegezi:
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua sana, na amepewa rufaa kwenda Muhimbili. Kliniki ni Jumatano asubuhi. Wadogo zangu wanataka tumpandishe basi maana nauli ni nafuu, ila mimi roho inasita. Mwanza hadi Dar ni kilometa ngapi hasa, na ndege inatumia muda gani? Tiketi moja inaonyesha dakika 85, nyingine karibu saa nne, na zote ni za Mwanza–Dar. Naombeni mnieleweshe.

Mzee wa Isamilo:
Binti, pole kwa kuuguza. Kwa barabara, ukipita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, ni kama kilometa 1,150. Angani ni kama 850 tu, kwa sababu ndege haina haja ya kuzunguka huko kote. Jeti inatumia saa moja na nusu hivi. Ya pangaboi, mfano Q400, inasogea kwenye saa mbili. Jeti ikishakaa sawa angani inapita kilometa 800 kwa saa, lakini kutembea uwanjani, kupanda na kushuka kunakula muda. Hiyo ya saa nne lazima inatua mahali njiani. Uliza kama abiria wanabadilisha ndege, maana kwa magoti hayo ngazi zikiongezeka ni mateso.

Nesi_Mstaafu:
Dada, achaneni na basi. Ni zaidi ya saa kumi na tano kitini, na kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa mtu wa umri huo. Nimewauguza watu wa namna hiyo, sio jambo la kubahatisha. Kiti cha magurudumu kiombe wakati wa kukata tiketi, usisubiri siku ya safari. Dawa na barua ya rufaa zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kijana_Igoma:
Kama hela inabana, kuna njia ya kati: basi mpaka Dodoma, alale, kesho yake apande treni ya SGR. Dodoma–Dar kwa treni haifiki saa tano.

Nesi_Mstaafu:
Mwanza–Dodoma peke yake ni kama kilometa 700, mdogo wangu. Hapo magoti yameshaumia.

Dereva wa Kipawa:
Mimi nabeba abiria uwanja wa Dar. Msije siku hiyohiyo ya kliniki! Ndege za ndani zinaahirishwa, na kutoka uwanjani mpaka Muhimbili kuna foleni ya kutosha asubuhi. Saa moja na nusu ya angani, ukijumlisha kuwahi uwanjani, mizigo na teksi, inakuwa nusu siku. Njooni Jumatatu, mama apumzike.

Binti_Nyegezi:
Asanteni mno. Nimewasomea wadogo zangu majibu yenu, tumekubaliana kuchanga. Anaondoka Jumatatu kwa ndege ya moja kwa moja, nami naenda naye. Swali la mwisho: fimbo yake ataruhusiwa kuingia nayo?

Mzee wa Isamilo:
Ataruhusiwa. Itapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na ndani mhudumu ataihifadhi wakati wa kuruka na kutua. Mwombee kiti cha karibu na njia. Mungu amponye.