Mgao wa 60 kwa 40 Burundi: ubaki au ufutwe?

Mwana Sanawari: Wadau, nauliza kwa dhati. Katiba ya Burundi inataka wabunge wawe Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, halafu Watwa watatu. Kwenye orodha ya chama, katika kila wagombea watatu wanaofuatana wawili tu ndio waruhusiwe kuwa wa kabila moja. Chimbuko lake ni mkataba wa amani wa Warundi uliosainiwa hapahapa Arusha, Agosti 2000. Katiba mpya ya 2018 ikaipa Seneti miaka mitano ipime kama mgao huo uendelee. Mimi nasema ufutwe. Aliyezaliwa mwaka wa mkataba sasa ni mtu mzima, bado ahesabiwe kwa kabila?

Babu Ngarenaro: Kijana, una haraka. Ndadaye, rais Mhutu, alichaguliwa 1993, hakufikisha miezi minne madarakani, wanajeshi wakamuua. Jeshi lile lilikuwa mikononi mwa Watutsi. Leo kabila moja haliruhusiwi kuzidi nusu ya jeshi, na Seneti nayo ni nusu kwa nusu, siyo 60 kwa 40 kila mahali. Ukifuta hayo unamwambia nani alale usingizi?

Chalii wa Kilombero: Shikamoo mzee. Ila tusidanganyane, mkataba ule uliandikwa kwa posho. Mazungumzo yalianza 1998, Nyerere aliyekuwa mpatanishi akafariki Oktoba 1999 bado wanavutana, akaja Mandela. Posho yenyewe dola, nani angekuwa na haraka? Na sisi wa Arusha tulikuwa tunaomba wasimalize.

Binti Kiboriloni: Tulikuwa tunaomba, wewe na nani? Mama yangu alitoka Moshi kuja kupika kwenye nyumba moja ya wageni huko Arusha kipindi hicho. Ilibidi ajifunze kuacha sufuria katikati ya meza kila mtu ajipakulie, maana kuna wajumbe walikuwa hawapokei sahani iliyopita mkononi mwa mwenzao. Chumvi hawapeani! Walikuwa na maiti kati yao, za mauaji ya 1972 na ya 1993. Usiniletee habari za posho. Mama mwenyewe mshahara wa mwisho hadi leo hajalipwa.

Chalii wa Kilombero: Dada, mama sijamgusa. Nasema wenye mahoteli.

Dereva Majengo: Posho mnaiona kwa Warundi tu? Ya vikao vya wabunge wetu Dodoma mbona hamuisemi?

Mwana Sanawari: Jamani, mgao.

Dereva Majengo: Mgao upi tena? Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, wamebeba viti vyote 100 vya kupigiwa kura. Hao Wahutu 60 ni wa chama, Watutsi 40 ni wa chama. Ubaki, ufutwe, nani atasimama kumpinga nani? Na 2015 mgao ulikuwepo. Mkataba unasema awamu mbili za urais, Nkurunziza akachukua ya tatu. Wakajaribu kumpindua akiwa Dar kwenye kikao cha wakuu wa Jumuiya.

Babu Ngarenaro: Hapo hapo ndipo ninapotaka mtazame. Aliyeongoza jaribio lile ni Jenerali Niyombare, Mhutu, wametoka msituni pamoja na Nkurunziza. Wanajeshi waligawanyika, lakini hawakugawanyika Mhutu huku Mtutsi kule kama zamani. Hiyo ndiyo kazi ya mgao. Kuzuia chama kula nchi nzima ni kazi ya tume ya uchaguzi na mahakama, na huko ndiko kulikooza. Msiupige mgao kwa kosa la wengine.

Mwana Sanawari: Mzee, basi jeshini ubaki, bungeni ufutwe.

Dereva Majengo: Ulianza na ufutwe wote.

Binti Kiboriloni: Mzee wangu hoja yako naipokea. Ila Chalii hajanijibu. Hakusema wenye mahoteli, alisema sisi wa Arusha. Amtaje huyo aliyekuwa akiomba watu waendelee kufa ili yeye apangishe chumba, au aifute kauli yake.