Hukumu ya Dadaab ya 2017: je, mahakama iliingilia kazi ya kulinda mpaka?

Mwanafunzi wa Sheria, Eldoret
Wanajukwaa, salaam. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alibatilisha uamuzi wa serikali, uliotangazwa Mei 2016, wa kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, iliyoko Kaunti ya Garissa karibu na mpaka wa Somalia. Katika mdahalo wa chuo nimepangiwa kuitetea serikali, na hoja yangu ni kwamba baada ya mashambulizi ya al-Shabaab, magaidi wa Somalia, katika jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa, dola ilikuwa na haki ya kuamua nani abaki ndani ya mipaka yake. Je, hoja hii itasimama?

Wakili Mstaafu
Mwanangu, itasimama kwa mguu mmoja. Mahakama haikuinyang'anya serikali mamlaka ya kulinda mpaka. Ilichokataa ni kuwalenga wakimbizi wa Kisomali kama kundi, jambo ambalo jaji aliliita la kibaguzi na lililo kinyume cha katiba. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumrudisha mkimbizi penye hatari, lakini sehemu yake ya pili inatoa mwanya kwa mkimbizi ambaye kuna sababu za msingi za kumwona kuwa tishio kwa usalama wa nchi. Tazama vizuri: inamzungumzia mtu, haizungumzii kambi. Halafu utaulizwa jambo gumu zaidi, nalo ni kwamba Mei hiyohiyo serikali iliivunja Idara ya Masuala ya Wakimbizi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaandikisha. Mwenye nyumba anayeogopa wezi hamfukuzi bawabu.

Mkaazi wa Garissa
Naomba niongeze lisilosemwa sana. Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa. Ukame wa 2011 ulipomaliza mbuzi wetu, mama alitupeleka kambini tukaandikishwa kama wakimbizi, kwa kuwa huko kulikuwa na mgao wa unga na mafuta, na kwetu hakukuwa na kitu. Nilipotimiza miaka 18 nilikwenda kuomba kitambulisho. Karani akaniwekesha kidole kwenye mashine, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nijisomee mwenyewe kwamba mimi ni mkimbizi. Tangu siku hiyo, basi likisimamishwa kwenye kizuizi cha daraja la Mto Tana, wenzangu hutoa vitambulisho na mimi huteremshwa. Tuko wengi. Kwa hiyo mnaposema "wakimbizi warudi kwao", sisi tunajiuliza kwetu ni wapi.

Afande wa Zamani, Mombasa
Pole sana, ndugu yangu. Hata hivyo, tusimfanye kila anayetaja usalama kuwa mbaguzi. Nimefanya kazi Mandera, mpakani na Somalia, ambako uzio ulianza kujengwa mwaka 2015, na ninajua jinsi usiku unavyokuwa mrefu pale. Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991 kwa watu wapatao 90,000, ilifika kupita 400,000 baada ya ukame huo wa 2011, na mataifa tajiri yanayotuhubiria haki yaliwachukua wachache mno. Lakini nakubaliana na Wakili: bila daftari safi la majina, askari wa kizuizini hubaki kukisia kwa sura, na anayekisia kwa sura humteremsha Mkenya akampitisha mhalifu mwenye karatasi ya kununua.

Mwanafunzi wa Sheria, Eldoret
Shikamooni wazee wangu. Basi nitaacha kuitetea amri ya kufunga kambi na kujenga hoja kwamba uandikishaji makini ndio ulinzi wa mpaka wenyewe, ingawa wapinzani wangu huenda wakadai nimehamia upande wao. Ndugu wa Garissa, kitambulisho ulikipata hatimaye?

Mkaazi wa Garissa
Nilipigwa msasa na kamati, wazee wa ukoo wakanishuhudia, na jina langu likapitishwa. Kitambulisho chenyewe bado.