MREJESHO: kava la sola la swimming pool ya nyumbani, Arusha

Wakuu asanteni sana, niliuliza humu jinsi ya kupasha maji ya pool bila hita na kulishika kava la sola (lile plastiki lenye vipovu vya hewa linalotandazwa juu ya maji) lisichanike. Vipovu tumevigeuzia chini na maji hayapungui ovyo tena, hilo limenifurahisha mno. Kulikata vipande viwili kumesaidia, mtu mmoja anakunja, na likitoka linakaa kivulini maana jua likilipiga limekunjwa vipovu vinaharibika. Tukimwaga klorini nyingi hatufuniki mpaka ishuke. Ila joto bado, Julai hii mawingu yakitanda maji ni baridi kweli, watoto wanaingia mchana tu. Na mkuu uliyesisitiza lifunuliwe LOTE kabla mtoto hajaingia, ubarikiwe sana, hapa kwetu ndo sheria sasa.