NILISHTAKIWA, SIKUFUNGWA! Mtu ananivua nguo mbele ya wakwe

Mzee wa Stoo:
Wakuu, ndiyo kwanza natoka kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua. Kila kikao yumo, kila msiba yumo. Hata ukiitisha kikao cha kuzika paka atafika wa kwanza na kudai maikrofoni.

Nimependekezwa kushika daftari la michango, watu wanaitikia "apite, apite". Anasimama, anakohoa, karanga bado ziko mdomoni: "Huyu si alifungwa kwa wizi?" MBELE YA WAKWE! Mama mkwe mtarajiwa akatua kikombe cha chai, akauvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pili na kuupakata. Mkoba!

Sikufungwa. NILISHTAKIWA. Wizi wa mtumishi, yaani eti nimemwibia mwajiri wangu, saruji iliyopungua stoo. Nilikaa mahabusu siku 9 mpaka wadhamini wakakamilisha barua za serikali ya mtaa, tena na shati langu mwenyewe, maana mahabusu havai sare ya wafungwa. Halafu mwaka na miezi miwili ya "upelelezi haujakamilika", tarehe nyingine, nauli nyingine. Mashahidi wao walipomaliza, hakimu akasema sina kesi ya kujibu. Nikaachiwa huru kabla hata sijafungua mdomo kujitetea! Nakala ya uamuzi ninayo, nimeitia plastiki.

Katiba ibara ya 13(6)(b) inasema ni marufuku aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike anayo hatia. Kwangu haikuthibitika. Halafu mtu na karanga zake anasema "si alifungwa", na mkoba unapakatwa!

Binti Tandika:
Pole kaka. Ila saruji ilienda wapi?

Mzee wa Stoo:
Dada, hilo ndilo swali upande wa mashtaka walishindwa kulijibu kwa miezi 14, unaniuliza mimi?

Kibuyu:
Lisemwalo lipo. Polisi hawakamati mtu bure.

Wakili wa Kijiweni:
Kibuyu, polisi anakamata kwa kushuku. Kumtia mtu hatiani ni kazi ya mahakama, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka. Na hata aliyetiwa hatiani si lazima afungwe, anaweza kupigwa faini. Mleta uzi, ulikutwa huna kesi ya kujibu au DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, aliifuta? Akifuta yeye, unaweza kushtakiwa upya.

Mzee wa Stoo:
Sina kesi ya kujibu mkuu! Karatasi hii hapa! Ningekuwa nayo pale kikaoni ningembandika nayo usoni.

Chuma cha Pua:
Mkuu umesema kuifuta umenitonesha. Mjomba wangu kesi ilifutwa asubuhi, anatoka mlangoni mwa mahakama hajavaa hata mkanda, akakamatwa tena. Shtaka lilelile!

Mama Pacha:
Afadhali huyo. Mimi nilimdhamini jirani, akatoroka. Sasa mahakamani naitwa mimi kueleza mtu wangu yuko wapi. Nikimwona nitamfunga kwa kamba ya mbuzi.

Kibuyu:
Mama Pacha, na wewe unamdhamini mtu humjui hata kwao!

Mama Pacha:
Nilijua kwao, nilimchangia harusi laki moja na nusu na sikupata hata kiti.

Binti Tandika:
Usinikumbushe michango! Jumamosi nimetoa laki, kwenye sahani nimekuta viazi vitatu na mfupa.

Mzee wa Stoo:
Jamani, tunaongelea mkoba wa mama mkwe hapa.

Chuma cha Pua:
Wewe afadhali mfupa. Sisi pilau liliishia meza ya kamati.

Mama Pacha:
Kamati hizo! Na nyama walibeba kwenye ndoo, niliwaona kwa macho yangu.